Udongo Usioulizwa Ukoo

Nakumbuka siku niliyompaka mbuzi wa watu udongo mguuni, nikiwa na akili zangu timamu. Usicheke kwanza, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu mimi niko kidato cha tatu, na wewe umeingia cha kwanza juzi, sanduku lako bado linanuka duka. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nina miaka kumi na saba, nimeona.

Asubuhi hiyo mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha kwamba udongoni mna bakteria wanaotengeneza dawa. Si hadithi. Alisema dawa nyingi za kuua vijidudu, hizi tunazopewa hospitalini, asili yake ni viumbe hao wasioonekana kwa macho. Hata ile harufu ya mvua ya kwanza, inayowafanya wazee wa Garissa kunyanyua pua na kumshukuru Mungu, mkono wao umo. Kisha akaanza mambo ya jenomu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe. Hapo mimi nilikuwa nimeshatoka darasani kimawazo. Chakula kilikuwa karibu, na mwenye njaa hana miiko.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Ayeyo, ndiye nyanya yangu, ameinama juu ya Adey, mbuzi wake mweupe. Adey ndiye aliyekuwa maziwa ya chai ya boma zima. Mwiba wa mti wa mathenge ulikuwa umemchana mguu.

"Nenda soko la mifugo, umwite daktari," Ayeyo akaniambia.

Sasa mwanangu, unalijua jua la saa tisa la hapa kwetu. Halina adabu. Nikatafakari: kwa nini nitembee mpaka sokoni kufuata dawa, na dawa ninaikanyaga? Nikachota udongo wa zizini, ule mweusi wenye samadi, nikauponda kwa maji, nikampaka Adey vizuri kabisa, nikamfunga kwa tai yangu ya shule.

"Daktari amekuja?" Ayeyo akauliza baadaye.

"Ameshatibiwa."

"Na nani?"

"Na sayansi, Ayeyo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likawa la mbuzi. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba kama kibuyu. Adey hali, hasimami, maziwa yamekatika. Ayeyo akatuma mtu mwingine, mwenye miguu inayotumika, na daktari wa mifugo akaja. Akafungua tai, akanusa, akageuza uso.

"Nani amemzika mguu mbuzi ambaye hajafa?"

Nikajitetea. Nikasema udongo una bakteria wa dawa, mwalimu mwenyewe amesema. Ayeyo akanikatiza.

"Waryaa, wewe kijana. Hebu hesabu abtirsi yako."

Unajua kwetu mtoto hufundishwa abtirsi, majina ya baba na babu na babu wa babu, kabla hajajua kufunga vifungo. Nikayamwaga kumi na tano bila kupumua.

"Kijana akija kumposa dada yako, tunamuuliza nini?"

"Abtirsi."

"Na huyu bakteria wako, ulimuuliza ni mtoto wa nani kabla ya kumuingiza kwenye mguu wa mbuzi wangu?"

Daktari alicheka mpaka akakalia ndoo. "Mama, maprofesa wanasoma miaka mingi ili waseme hayo." Akanieleza kwamba kiganja kimoja cha udongo ni kama soko: mna anayetengeneza dawa, mna anayeozesha kidonda, mna mwenye pepopunda. Watafiti humtenga mmoja mmoja na kusoma jenomu yake, watafute ni wapi palipoandikwa namna ya kutengeneza dawa. Tena wengi wana maandishi hayo lakini yamelala. Ukiwafuga maabara hawatoi kitu.

"Kama adeer yako," Ayeyo akanigeukia, akimaanisha amu yangu anayeshinda kwenye kibanda cha chai. "Nasaba ndefu, kazi hakuna."

Daktari akasafisha kidonda, akatoa chupa ya dawa ya manjano, akamdunga Adey. "Hata hii asili yake ni bakteria wa udongoni," akasema. "Ila huyu ukoo wake unajulikana, na dawa yake imesafishwa ikapimwa. Akivuka siku mbili, atapona. Maziwa yakirudi msinywe mpaka niwaambie, yatakuwa na dawa."

Siku mbili hizo Ayeyo alitandika mkeka wake wa kuswalia kando ya Adey. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilibeba maji, nikaleta majani, nikafukuza nzi, na kila nilipopita aliniangalia kama mtu anayesoma barua ya mkopo wa jirani. Wageni walipokuja waliandaliwa chai ya rangi, na walipochungulia kikombe Ayeyo aliwaambia kwa utulivu, "Maziwa yameenda shule."

Siku ya tatu niliinama kumbadilishia Adey kitambaa. Akasimama. Akanitazama. Akanipiga teke la mguu uleule niliouzika, hapa kwenye muundi, nikawaita mababu hata wale nisiowajua. Nikiwa chini nilimsikia Ayeyo akicheka kwa mara ya kwanza tangu daktari aje. "Alhamdulillahi," akasema. "Amepona."

Basi shika haya, mwanangu. Ukitumwa kumwita daktari, nenda. Jua la saa tisa huzama, aibu hubaki. Usitoke darasani kimawazo kabla somo halijaisha, maana nusu ya kwanza ilinipa bakteria na nusu ya pili ingenipa akili. Na kitu chochote kikiitwa dawa, kiwe cha udongo, cha duka au masalio ya vidonge vya mjomba, kiulize ukoo kwa anayeujua kabla hujakiingiza mwilini mwa mtu. Au mwa mbuzi.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, nasaba inayofanya kazi, na maziwa yasiyokauka kwenye chai yako. Na akuepushie teke la Adey, kwa sababu bado ananikumbuka.