Mishale ya Mwalimu Nthiga

Ukitaka kumjua Mwalimu Nthiga, usimtazame usoni, mtazame mfuko wa shati. Mfuko ule haujawahi kubeba kalamu. Unabeba chaki, tena zilizovunjikavunjika, na kila akiinama kufunga kiatu anamwaga unga mweupe sakafuni, halafu anayefagia ni mimi. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Yeye hujibu, "Pole, Madam Karambu," kisha huinama kuokota vipande, na vile vilivyosalia navyo vinamwagika.

Tunafundisha pamoja katika kituo cha watu wazima hapa Kinoru, mjini Meru, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Wanafunzi wetu ni watu walioacha shule kila mmoja kwa sababu yake, na sasa wanataka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Huja jioni, wakitoka sokoni, gereji na stejini. Mimi ninawafundisha Kiswahili. Nthiga anawafundisha hesabu, somo ambalo wengi wao waliliogopa utotoni na wangali wanaliogopa.

Yeye ni Mmbeere wa Siakago, kule chini Embu ambako mvua huja ikitaka. Alihamia Meru miaka kadhaa baada ya kufiwa na mkewe. Kwao ameacha mizinga ya nyuki, na kila mwezi huenda kuiangalia. Wanafunzi wetu Wameru humtania eti watu wake hutafuna muguka, yale majani madogo, kwa vile hawajui miraa ya kweli. Naye huwajibu kwamba miraa yao huchelewa kupanda kichwani, ndiyo maana na hesabu zinachelewa. Wanampenda. Sikujua ni kiasi gani nami nilikuwa nimeanza kumpenda mpaka jioni ile aliyoharibu mambo.

Nthiga huamini kwamba hesabu ni watu. Hawezi kuandika herufi tupu ubaoni. Jioni ile alikuwa akifundisha tofauti kati ya uhusiano na fanksheni. Nilimwambia mapema kwamba hilo la pili si Kiswahili, akasema nikipata zuri zaidi nimletee. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikisahihisha insha, na nikajikuta ninamsikiliza.

"Uhusiano ni kuunganisha tu," alisema. "Huku kushoto naweka abiria. Huku kulia naweka pikipiki. Nachora mshale kutoka kwa abiria hadi pikipiki aliyopanda. Huo ni uhusiano. Sasa, ili uitwe fanksheni, kila aliye kushoto lazima awe na mshale, na uwe mmoja tu. Muthomi, abiria watatu wamepanda pikipiki yako. Ni fanksheni?"

Muthomi ni mwendesha bodaboda, mcheshi wa darasa. "Polisi wasituone, Mwalimu."

"Polisi ni somo lingine. Kila abiria ana pikipiki ngapi?"

"Moja."

"Basi ni fanksheni. Mishale kukutana kulia si kosa. Lakini je, abiria mmoja akipanda pikipiki mbili kwa wakati mmoja?"

"Hiyo si fanksheni," Muthomi alisema. "Hiyo ni ajali!"

Tulicheka sote. Laiti angeishia hapo! Lakini mwalimu aliyechekewa mara moja hutaka kuchekewa tena. Akafuta pikipiki, akaandika waume kushoto na wake kulia. Njue ana mke wake, Kivuti naye ana mke mmoja, mshale mmoja mmoja, safi. Kisha akaandika Bundi, akamchorea mishale miwili, mmoja kwa Lorna na mmoja kwa Njoki.

"Sasa ukiniuliza mke wa Bundi ni nani, nitajibu nini? Bundi ameharibu kazi!" alisema, akapiga alama kubwa ya mkasi juu ya mishale ile.

"Kama Khalif wa magari ya miraa!" Muthomi akadakia.

Darasa likaangua kicheko. Nthiga naye akacheka, maskini, kwa kuwa hakujua. Wengine wote tulijua. Khalif husafirisha miraa kutoka Maua hadi Nairobi, nyumba yake iko hapa mjini, na ana wake wawili. Wa pili ni Hamda, na Hamda alikuwa ameketi dawati la mbele.

Hamda huuza madera na mitandio sokoni. Anataka kusomea famasia, afungue duka la dawa, na bila kupita hesabu chuo hakimchukui. Hajawahi kukosa kipindi, hata alipokuwa na mimba ya mtoto wake Shueib. Jioni ile hakupiga kelele. Alifunga mkoba, akatengeneza mtandio wake, akasimama.

"Mwalimu," alisema, "mimi si kosa la ubaoni."

Akatoka. Kicheko kilikatika, na Nthiga akabaki na chaki mkononi akitutazama mmoja mmoja, akisubiri mtu amweleze. Nilimweleza mimi, na sikumweleza kwa upole. Nilimwambia ulimi wake umemkata mtu. Kisha nilimtazama usoni nikaona vile alivyokunjamana, nikatamani kuyarudisha maneno yangu.

Hamda hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya tatu Nthiga alikuja ofisini, akakataa chai. Ni mimi ninayemwekea chai kwenye chupa kila jioni, na hajawahi kuikataa.

"Asiporudi, nitarudi Siakago," alisema. "Mwalimu anayemfukuza mwanafunzi kwa mdomo wake akafuge nyuki. Nyuki ukiwakosea wanakuuma papo hapo, mambo yanaisha."

Nilimwambia aache ujinga. Ndani yangu nilishtuka. Nilifikiria ofisi ile bila unga wa chaki sakafuni, na badala ya kufurahi nikahisi upweke umenikaa kifuani. Nimekaa miaka mingi bila mume, nimeambiwa kila lililopo la kuambiwa, na nilidhani mlango huo nimeshaufunga. Kumbe nilikuwa nimeurudishia tu.

Jumamosi nikamkuta mlangoni mwa kituo, amevaa koti la kanisani, ameshika galoni ya asali.

"Unaipeleka wapi?" nikamwuliza.

"Kwa Hamda. Naenda kuomba msamaha. Mtu haombi msamaha mikono mitupu."

Nilishika kiuno. "Mwalimu, uko Meru hapa! Mwanamume akionekana anaingia boma la watu na galoni ya asali, majirani wanajua amekuja kuposa. Wewe unataka kumposa mke wa Khalif?"

Akaketi kwenye ngazi, koti na yote. "Hata kwetu asali huenda kwa mahari," alisema polepole. "Lakini mtu wa nyuki huenda nayo kila mahali. Mimi hata hospitali huenda nayo. Sikufikiria."

"Ndiyo shida yako. Lete hapa." Nikaichukua ile galoni, nikaiingiza ofisini, nikaisukuma chini ya meza yangu. "Utanunua sukari na majani ya chai kama watu wengine. Na tutaenda wote wawili."

Nyumba ya Khalif ni ua mmoja wenye milango miwili inayotazamana. Mwenyewe alikuwa safarini. Tulipobisha hodi, aliyetufungulia alikuwa Ambaro, mke mkubwa, mama mnene mwenye macho ya utani. Akatupokea sukari, akamtazama Nthiga kutoka viatu hadi kichwa.

"Ndiye huyu anasema bwana yetu ameharibika?"

"Ndiye mimi, mama," Nthiga alisema. Nilidhani angejitetea. Hakujitetea.

Ambaro akacheka, akatukaribisha ndani, akamwita Hamda. Hamda alikuja na Shueib mgongoni, akatusalimu kwa adabu, akakaa mbali. Chai ya tangawizi ikamiminwa. Nthiga akaweka kikombe chini.

"Mama Shueib, nilikukosea. Nilicheka jambo ambalo si la kuchekwa, tena mbele ya watu. Naomba unisamehe. Hilo ndilo kubwa, na lingetosha. Lakini niliikosea hesabu pia, na sitaki ubaki na hesabu mbovu kichwani kwa sababu yangu. Unaniruhusu?"

Ambaro akaitikia kwa kichwa: sema.

"Mama, mume wako ni nani?" Nthiga akamwuliza Ambaro.

"Swali gani hilo? Khalif."

"Na wewe, Mama Shueib?"

Hamda akajibu papo hapo. "Khalif."

"Hakuna aliyesita. Kila niliyemwuliza ana jibu, na jibu lake ni moja. Hiyo ni fanksheni kamili, kama abiria wawili na pikipiki moja. Mimi nilianza upande wa wanaume, nikadhani hakuna mahali pengine pa kuanzia. Na hata ukianza kwa Khalif, mishale miwili si kosa. Inatuambia tu kwamba ule ni uhusiano, si fanksheni. Uhusiano haujaharibika. Ule mkasi niliopiga ubaoni ndio uliokuwa kosa."

"Huyo Khalif mwenyewe," Ambaro akasema, "ukimwuliza mke wako yuko wapi, lazima akuulize yupi. Mwalimu hajadanganya hapo."

Hamda alijikaza, akashindwa, akacheka nyuma ya mtandio. Lakini tulipoaga, Nthiga alipomwuliza kama atarudi darasani, alisema, "Nitafikiria, Mwalimu." Njiani Nthiga aliniuliza gari la kwanza la Embu Jumanne huondoka saa ngapi, nami nikamwambia sijui, ingawa ninajua vizuri sana.

Jumatatu jioni darasa lilijaa isipokuwa kiti kimoja cha mbele. Muthomi alikuwa ameinamisha kichwa tangu aingie. Kabla ya kuanza, Nthiga alinijia nyuma nilikokaa.

"Madam, naomba kuazima jina lako. Siku hizi naomba ruhusa kwanza."

"Litumie," nikamwambia. "Ulirudishe likiwa safi."

Akaanza upya. Aliandika wanawake kushoto: Lorna, Njoki, na wa mwisho, Karambu. Kulia akaandika wanaume. Akachora mshale wa Lorna hadi kwa Bundi, na wa Njoki hadi kwa Bundi huyo huyo. Alikuwa ameinua chaki kwenye jina langu mlango ulipofunguka.

Hamda aliingia, akasema, "Samahani, nimechelewa," akaketi mahali pake. Nthiga akashusha chaki. Mimi nililia kidogo. Ninasema wazi, nililia, insha ya mtu ikalowa.

Hamda alikuwa ameshatoa kalamu, anautazama ubao kwa makini. Akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo si fanksheni."

"Kwa nini? Lorna ana mmoja, Njoki ana mmoja."

"Lakini Karambu hana mshale. Ulisema kila aliye kushoto lazima awe nao."

Watu wakageuka kunitazama. Nilimtazama Muthomi kwa jicho lililomwambia athubutu. Hakuthubutu.

"Kweli kabisa," Nthiga alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Tunarekebishaje?"

"Kuna njia mbili," Hamda alisema. "Umfute kwenye orodha, au umchoree mshale."

Nthiga alichukua kifutio. Akakigeuza mkononi, akakirudisha mezani. "Kufuta, sifuti," alisema. "Huo mshale mwacheni kwanza. Tufungue kitabu, tuingie grafu."

Jumanne haikuwa na safari ya Embu. Hamda sasa yuko mbele ya wote kwenye grafu, na Muthomi humpeleka nyumbani kila jioni bila kumtoza, kwa amri ya Ambaro. Jina langu lilibaki ubaoni wiki nzima, pembeni, bila mshale, na kila mwalimu aliyeingia aliambiwa na darasa asilifute.

Ijumaa nilifagia ofisi, nikasukuma ufagio chini ya meza, na ufagio haukugonga kitu. Galoni ilikuwa imeondoka. Nilidhani ameipeleka hospitali.

Jumamosi nilikuwa nyumbani kwa mama yangu, Nkubu, nikichambua maharagwe uani. Lango likalia. Nthiga aliingia amevaa lile koti la kanisani, ile galoni ya asali mkononi, mzee mmoja wa kwao akimfuata nyuma. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akainama kumsalimu, na chaki zikamwagika kutoka mfukoni zikajaa miguuni pake.

Mama alitazama chaki. Akatazama galoni.

"Hiyo asali, baba," aliuliza, "ni ya kuuza?"

"Hapana, mama," Nthiga alisema. "Siiuzi."

Mama akanigeukia, akaniona nimeukumbatia ungo wa maharagwe, akaingia ndani kutafuta simu ya kumwita mjomba. Mimi nikachukua ufagio.