Daktari wa Matumbo Asiyekuwa Kwenye Orodha

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali, katikati ya Nairobi. Mke wangu alikuwa akila vijiko viwili vya uji, kisha anajikunja kwa maumivu. Hospitalini walimpa dawa nyeupe ya chupa mara tatu, mwishowe wakasema anahitaji daktari wa matumbo, apigwe picha. Idara yetu ilikuwa na orodha ya madaktari wa mjini waliopokea cheti cha serikali badala ya pesa. Nikapewa cheti, majina matatu yaliyonakiliwa kutoka kwenye orodha hiyo, na ruhusa ya siku moja tu, Ijumaa.

Tulitoka Uthiru kwa basi la kwanza. Daktari wa kwanza kwenye orodha alikuwa wa macho. Wa pili alikuwa amehamia Mombasa, na chumba chake sasa kilikuwa cha fundi wa saa, ambaye alituonea huruma akampa mke wangu kiti. Wa tatu alikuwa Kilimani. Tukaenda kwa miguu kwenye jua, tukisimama kila alipotaka kusimama. Mama wa Kizungu pale mlangoni alikitazama cheti changu, akasema daktari wake hupokea vyeti vya wakubwa tu. Daktari wa matumbo anayetumiwa na serikali, akasema, yuko mjini, juu ya duka la vitambaa.

Duka lile tulikuwa tumelipita asubuhi. Nilikasirika. Njia nzima ya kurudi nilimtukana aliyetengeneza orodha ile: mvivu, mshenzi, mtu anayekula mshahara wa bure. Mke wangu aliniomba ninyamaze, watu wanatutazama. Sikunyamaza.

Daktari alikuwa Mhindi mzee, mpole. Alimgusa tumbo mke wangu, akauliza kinyesi kina rangi gani, akakunja uso aliposikia ni cheusi. Nikamkabidhi cheti, akakirudisha.

“Cheti iko sawa, bwana. Lakini mimi haiko kwa list. Barua ya serikali ninayo, wamenikubali. List ikatoka, jina langu hakuna. Nikipiga picha, watakataa hii karatasi.”

Nilimwambia ofisi zetu zimejaa wapumbavu. Akafungua mtoto wa meza, akatoa orodha, akaiweka mbele yetu ili tujionee. Mke wangu aliinama akaisoma mpaka chini kabisa, pale ambapo kila karani huweka herufi za kwanza za majina yake ili mkubwa ajue nani alichapa. Herufi hizo alizijua. Ndizo nilizokuwa nikiweka mwisho wa barua zangu kwake kabla hatujaoana.

“Hizi si zako?” akauliza kwa lugha ya kwetu.

Nikakumbuka. Ilikuwa Jumamosi, saa saba kasorobo, nakata stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, huku jicho langu likiwa kwenye saa ya ukutani. Nilikuwa nimeruka mstari wa jina moja. Kuurudisha kulimaanisha kuanza stensili nyingine, nami nilitaka kwenda nyumbani. Nilijiambia mstari mmoja hautamuumiza mtu.

Daktari hakuelewa tulichosema. Alimpa mke wangu chupa ya dawa, akaniambia nilete orodha iliyorekebishwa na kusainiwa, naye atampiga picha siku hiyohiyo. Niliichapa kesho yake asubuhi, kabla hata sijavua koti. Ikalala mezani kwa mkubwa siku kumi na moja ikingoja sahihi, na kila jioni nikirudi nilimkuta mke wangu amelala ubavu, uji umepoa kando yake.

Lakini Ijumaa ile, tukingoja basi la kurudi, nilimweleza mke wangu habari ya mstari nilioruka Jumamosi ile. Nilitamani anitukane, kama nilivyomtukana yule mtu mchana kutwa. Alikaa kwenye jiwe, chupa mapajani.

“Jumamosi ile ulifika nyumbani mapema,” alisema. “Nilifurahi sana.”