Jua la Sakafuni

Kiangazi hiki nilikwenda Kasulu kumzika baba mkubwa. Mchana sisi wanawake tulikuwa kwenye jiko la nyuma ya nyumba yake tukichambua maharage ya waombolezaji, na nilipoinama kuvuta ungo nikaona duara dogo la mwanga limetulia chini, mviringo kama kisoda. Nikatazama juu. Yalikuwa mabati yetu. Baba aliyanunua yakiwa yameshatumika, akayapandisha kwenye nyumba yetu Kibondo na matundu yake yote ya misumari ya zamani.

Kama ulilala utotoni chini ya bati la namna hiyo, unajua. Masika tuliziba matundu kwa sabuni ya mche. Kiangazi sabuni ilikauka ikadondoka, na jua likaingia.

Kiangazi kile cha miaka ya tisini wazazi wetu wote wawili walikuwa wameshafariki. Siku ya kuondoa matanga, ukoo uliketi uani kugawana watoto, kama ilivyokuwa desturi. Wadogo zangu wawili wa kiume wangekwenda Gwarama, kitinda mimba wetu angekwenda Kasulu, na mimi ningebaki na bibi. Nilikuwa darasa la sita. Nikasimama nikasema naacha shule, nitalima, tusitenganishwe. Baba mkubwa alicheka. "Msimu mmoja," akasema. "Mkivuna chakula chenu, kaeni. Mkishindwa, nisisikie kilio."

Basi nikawa nyumbani mchana, saa ambazo sikuwahi kuwa nyumbani, na kitinda mimba alikuwa nami. Yeye ndiye aliyeuliza. "Dada, mbona tundu limechanika, lakini mwanga wake ni mviringo?" Nilimsimamisha mwalimu wangu barabarani nikamuuliza, akaja jioni moja jua likiwa bado linaingia mlangoni, akiwa na kipande cha boksi alichotoboa tundu la pembe tatu na la pembe nne. Akakiinua mlangoni. Ukutani, mbali kule, yakatua maduara mawili. "Hilo mnaloliona si umbo la tundu," akasema. "Ni jua lenyewe. Limeingia ndani kuwasalimia."

Tangu siku hiyo wavulana wetu walitembea wakijigamba. "Nyie mna jua moja huko nje. Sisi kwetu tumeshindwa kuyahesabu." Tukalala chali, tukalala kifudifudi, tukaona wingu likipita ndani ya duara, dogo, likila mwanga kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nyumba ilinuka moshi na kinyesi cha ng'ombe tulichosiribia sakafu. Sijawahi tena kuwa tajiri namna ile.

Shuleni kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ilipogongwa mchana, kitinda mimba alikimbia kwenye duara kubwa la katikati na kudidimiza punje ya harage mahali lilipotua. Baada ya wiki chache maharage yalikuwa yamepanga mstari. Jua lilikuwa linatambaa, kutoka upande wa kusini wa chumba kuelekea katikati. Tulimwonyesha bibi. Macho yake yalikuwa hafifu, akapapasa punje kwa vidole.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "zamani tulisimamisha mchi uani. Siku mchi unapokosa kivuli mchana, ndipo mvua ya kweli iko karibu."

Mdogo wangu mkubwa akapanda juu ya bati, akateremsha uzi wenye jiwe kupitia tundu lile. Jiwe lilipogusa sakafu tukaweka alama. Duara likifika hapo, jua litakuwa juu ya vichwa vyetu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mapema, ya siku mbili, nzuri. Kijiji kizima kikapanda. Maharage yetu ya mwisho sakafuni yalikuwa bado mbali na alama. Tulikuwa na debe moja la mbegu, na hakuna ambaye angetupa jingine. Nikasema tusubiri. Jirani alipita na jembe begani. "Nyie mayatima, mnangoja mtumiwe barua?" Usiku sikulala. Kisha jua likarudi kali, mbegu za watu zilizochipua zikakauka ardhini. Duara lilipogusa alama tukapanda, na mvua ikaja ikakaa.

Tulivuna. Baba mkubwa alikuja kuona, akala maharage yetu sahani mbili, akatusifu mbele ya majirani. Kisha akasema watu wanaojimudu hivi hawawezi kushindwa kujiezekea nyasi, na kwamba bati ni mali ya ukoo. Akayashusha, akayapakia kwenye lori la kwenda Kasulu. Na akisema kwamba mtoto wa kike mwenye akili hivyo lazima asome mjini, alimpandisha kitinda mimba kwenye lori lile lile, juu ya mabati. Hakusomeshwa. Alibeba maji na watoto wa nyumba ile hadi akawa mtu mzima. Sisi tuliezeka nyasi, baadaye turubai la kambi ya wakimbizi. Turubai halipitishi jua.

Kitinda mimba alikuwa hapo jikoni akisonga ugali wa msiba. Nikamwonyesha duara. "Unaliona?"

Akatazama bati. "Lami imebanduka."

"Unakumbuka maharage yetu sakafuni?"

"Dada, mimi nakumbuka lami. Marehemu alinipandisha mimi kuziba matundu, kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Iliniunguza hapa." Akanionyesha kiganja.

Kisha akachukua sufuria, akaitega moja kwa moja chini ya tundu, pale ambapo jiwe la uzi lingegusa, mvua isije ikamkuta. Nilipima kwa jicho kutoka kwenye duara hadi kwenye sufuria. Mvua ilikuwa bado kabisa. Nikavuta ungo, nikaendelea kuchambua maharage.