Mlima Haukumuua

Kazi yangu ni kusoma mitetemo ya ardhi. Vipimo tulivyovifukia kuzunguka mlima mmoja wa volkeno kule Bonde la Ufa hutuma mistari yake hadi kwenye kompyuta za ofisi yetu hapa Nairobi, nami huitazama siku nzima kabla ya kurudi chumbani kwangu Kawangware. Kaka yangu alikuwa akilima nyanya chini ya mlima huo huo, akiishi na mama.

Juni moja mitetemo ilianza kuja kwa makundi, midogo kiasi kwamba hata aliyesimama juu yake asingeisikia. Kilichonitisha ni kwamba kila siku ilitokea juu zaidi, kana kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa inapasua njia. Bosi alisema tungoje, bado hakukuwa na la kutangaza. Nilitoka nje nikampigia kaka.

"Mtoe mama huko."

"Kwani mlima utalipuka lini?"

"Sijui. Huenda usilipuke."

"Sasa niache nyanya zimeiva kwa sababu ya huenda?"

Nikaanza kulia. Ni machozi yaliyomfanya akubali, si mistari yangu.

Walipanga chumba Kianda, upande wa Kibera tuliokulia. Mama hakukipenda. Asubuhi mabati yalitoa jasho, na baridi ya Julai iliingia hadi ndani ya blanketi. "Kule nilikuwa naota jua," aliniambia kila Jumapili nilipopita kumwona baada ya kanisa.

"Vumilia, mama, wiki moja tu."

Nilisema hivyo wiki tano.

Wiki ya sita mistari ilitulia. Mlima haukutoa hata moshi. Nilikwenda Kianda kuwaambia warudi, nikamkuta mama akihema kwa shida. Kaka alimbeba mgongoni kupitia vichochoro hadi barabarani, tukapata teksi. Hospitalini walisema ni nimonia. Alikaa siku nne, akafariki.

Tulimzika kijijini kwa baba, karibu na ziwa, mbali na mlima. Waombolezaji walipotawanyika, kaka alinijia nikiosha sufuria.

"Mlima haukumuua," alisema.

Ningeweza kumweleza kwamba dalili zilikuwa za kweli, kwamba mara nyingi moto hupanda ukakwama njiani. Nikaendelea kusugua.

Alirudi shambani kwake chini ya mlima. Mwaka huu mitetemo imeanza tena, nikamwandikia ujumbe. Aliusoma. Hakujibu.