Vitambaa vya Bwana Misitu

Bwana misitu aliyeletwa kutuonyesha miti ya kukata na ya kuacha katika shamba letu la Mlingotini, mimi simwamini hata kidogo. Hukwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, akanusa, akakohoa, ndipo aseme, "Huu ukateni," au, "Huu uacheni, ndio unaoshika udongo wa mteremko." Chai yangu haigusi, na mtu anayekataa chai ya watu ana lake jambo. Ile miti minene ya mikongo yote kasema iachwe. Nikajua tu, anawawekea wachoma mkaa wake. Tena miti ya kuachwa wenzake huitia rangi. Yeye kafunga vitambaa vyeupe, vilevile vinavyofungwa mzimuni. Wakataji walipoviona wakaweka mashoka chini, wakaanza kunong'onezana.

"Bwana misitu, kwani hapa pana mzimu?" nikamuuliza.

"Hapana, Bi Miza. Rangi wachoma mkaa huikwangua, wakakata. Kitambaa nani atathubutu kukifungua?" Akacheka chinichini, mkono mdomoni.

Kumbe ujanja mtupu! Moyo ukanitulia kidogo. Lakini jioni alipoaga nilimchungulia kutoka kibandani. Alipofika kwenye mkongo alioufunga kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ile, aligeuka kutazama kama kuna anayemwona. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, akasema, "Hodi," ndipo akapita.