Pamba ya Wino

Mama yangu alipotangaza kwamba kuchora ni kazi ya watoto wa chekechea, nilikasirika mpaka nikaweka nadhiri ya kijinga. Nikamwambia nitamchorea pamba. Akiitazama asiikubali, naacha darasa langu la kuchora, na Jumamosi zangu zote nazirudisha saluni kusuka vichwa vya watu, kama anavyotaka yeye. Akakubali upesi mno. Ubishi kwetu ni wa ukoo.

Darasa lenyewe lilikuwa la mwalimu mmoja wa sekondari hapa Bariadi, aliyetufundisha watu wazima wachache kwenye baraza yake. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kuchora mstari wa ukingo bila kutazama karatasi: jicho linatambaa pembezoni mwa kitu, kalamu inalifuata polepole, ukiharakisha umepotea. Nyanya chungu yangu ya kwanza ilitoka kama kiatu kilichokanyagwa na ng'ombe. Tulicheka hadi mwalimu akaenda kunawa uso. Lakini mkono ukaanza kutii, na siku nilipolizunguka gamba la konokono mpaka mstari ukarudi ulipoanzia, nilijiona tajiri.

Kisha ukaja wino mwepesi: tone la wino mweusi kwenye kikopo cha maji, brashi laini, na kivuli kinajitandaza chenyewe. Niliupenda kupita kiasi. Pamba yangu niliitia vivuli kila bonde na kila mkunjo, nikapanda bodaboda hadi kwa mama, kijijini Kasoli, nikijisifu njia nzima.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, nikaikunjua karatasi.

Mama ameilima pamba tangu usichana wake. Aliitupia jicho moja tu. "Ng'wanone, mwanangu, hii ni fifi."

Fifi ni pamba chafu, ile inayotengwa pembeni kabla ya kufika kwenye mizani.

"Ni kivuli, mayu!"

"Kivuli gani? Hii imenyeshewa. Nyumba hii haijawahi kutoa fifi, na haitaanza leo."

Niliumia, sifichi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Nikambembeleza anipe nafasi nyingine. Akanipa huku akinicheka, maana anapenda kushinda mara mbili.

Mwalimu alipoiona hakuzunguka. "Weupe haupakwi," akasema. "Unaachwa."

Basi nikaweka mbele yangu kitumba cha pamba kilichopasuka, nikaufuata ukingo wake bila haraka, hata kipande cha jani kavu kilichonasa kwenye nyuzi nikakichora. Wino nikaupaka kwenye maganda, kwenye kikonyo, na nyuma, kivuli kilipoangukia. Pamba yenyewe nikaiacha karatasi tupu. Mkono uliniwasha kuigusa, nikaukalia.

Safari hii mama aliipeleka mlangoni penye mwanga. Mimi huku naziwaza Jumamosi zangu. Akainama, akanyoosha ukucha, akakikwangua kile kipande cha jani, kama afanyavyo anaposafisha pamba kabla ya kwenda kuuza. Hakikutoka. Akakwangua tena.

"Mayu," nikamwambia taratibu, "huo ni wino."

Akauondoa mkono haraka, akatazama uani kama kuna aliyemwona, kisha akacheka mpaka akaketi kizingitini.

"Haya, nenda kwa mwalimu wako," akasema alipopata pumzi. "Lakini pamba uisafishe kwanza ndipo uichore."