Shoga Yangu Hasikii Baridi

Wewe unayenisikiliza, kaa mahali ambapo miguu yako itatulia, maana yangu katika safari hii haikutulia hata kidogo. Nataka nikueleze pole pole jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kukaribia kufa kwa kufanya jambo ambalo kwao ni la kawaida kabisa.

Shoga yangu ni fundi cherehani. Wakati huo alikuwa na kibanda Chikongola, Mtwara mjini, karibu na soko, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mikindani, kama ninavyofundisha hadi leo. Alichumbiwa na kijana wa Lushoto aliyekuja Mtwara kuendesha malori ya saruji. Kazi ilipokwisha, kijana alirudi kwao milimani kulima viazi na kumtunza mama yake mjane, akamtaka shoga yangu amfuate. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema kwanza akaione hiyo milima.

Nyumbani kwao walinung'unika, kwani kwetu mchumba haendi kukaa kwa wakwe kabla ya ndoa. Mwishowe shangazi yake alikubali kwa sharti kwamba niende naye, na kijana asilale nyumbani kwa mama yake tukiwepo. Ilikuwa likizo ya Juni. Nikamwachia mama yangu mtoto, tukaondoka.

Gari lilipoanza kuzunguka kupanda kutoka Mombo, utulivu wangu ukabaki chini. Sisi tumezoea jicho liende mbali. Ukisimama upande wa mlango wa Ruvuma unaona mikoko, kisha maji, kisha mbingu, basi. Kule kila nilikogeukia nilikuta mlima umenisimamia mbele ya uso kama mtu anayetaka kuniuliza kitu. Masikio yaliziba. Shoga yangu, kando yangu, alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake hadi abiria wa mbele akageuka kututazama.

Mama wa kijana alitupokea mlangoni, mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya sweta. Aliushika mkono wa shoga yangu, hakuuachia.

"Mkono umekuwa kama jiwe la mtoni, mwanangu. Unasikia baridi?"

"Hapana, mama. Sisi tumezoea upepo wa bahari."

"Haya, mtu wa korosho. Huo upepo wenu ukifika huku utaomba blanketi."

Tulicheka wote. Lakini tulipoingia chumbani meno ya shoga yangu yalikuwa yanagongana. Nilimwuliza kwa nini asiombe nguo nzito. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba mama yule akimwona amejikunyata siku ya kwanza tu, atamwambia mwanawe atafute msichana wa hukohuko. Nilipomwuliza kama basi ameshaamua kukubali, alivuta shuka hadi kichwani.

Siku zilizofuata alinawa maji ya baridi asubuhi, akaenda shambani na kanga zake mbili, akarudi midomo imekakamaa huku akisema hali ya hewa ni nzuri. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa nikimimina chai naiacha, nashuka njiani kutafuta mtandao nipige simu nyumbani, narudi, natoka tena. Sikujua nataka ajibu nini. Akikubali, nani atakuja Ijumaa kukaa kwenye baraza langu Mikindani? Akikataa, nitamwonaje kila siku pale kwenye cherehani, akitazama mlango?

Alasiri moja ukungu ulishuka hadi usoni, na mvua nyembamba ikaanza. Mama alikuwa kwenye jiko la nje akimenya viazi. Shoga yangu alisema kichwa kizito, anakwenda kujinyoosha. Nilikaa naye kidogo kitandani, miguu ikakataa kutulia, nikatoka.

Nilipoondoka alichukua jiko la mkaa lililokuwa kibarazani, bado lina moto, akaliingiza chumbani. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akasokomeza kanga chini ya mlango ili joto lisitoroke.

Usimcheke. Kwetu mwanamke akishajifungua huwekewa jiko chumbani apate joto. Mimi nilipojifungua, ni yeye huyohuyo aliyekuwa akilijaza mkaa jiko langu, na mimi na mtoto tulilala vizuri tu. Lakini nyumba yangu ya Mikindani ina uwazi kati ya ukuta na paa, paka anapita, na dirisha ni la wavu. Nyumba ya yule mama ilijengwa ili kufungia joto ndani: dari ya mbao, madirisha ya vioo, kuta zimepigwa lipu hadi juu. Mkaa ukiwaka hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Penye uwazi, sehemu kubwa hutoka. Pakifungwa inabaki na wewe, inakulaza, na hakuna kinachokuamsha.

Njiani sikupata mtandao wala sikupata raha, nikarudi mapema kuliko nilivyokusudia. Nilimwita, kimya. Mlango ulikwama kwenye kanga, nikausukuma kwa bega. Joto la ndani lilikuwa la Mtwara mchana. Alikuwa amelala na nguo zake, namtikisa hatikisiki. Nilipiga ukelele. Mama alikuja mbio na kisu cha viazi mkononi, akafungua dirisha, tukamburuta hadi uani kwenye mvua. Pale akatapika, akafumbua macho. Kijana aliitwa, akampeleka zahanati kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Waliangalia hali yake hadi walipoturuhusu.

Tuliporudi, mama alimkalisha kwenye jiko la nje, karibu na mafiga. Nilijiandaa kusikia maneno makali. Aliuliza tu kwa nini hakusema. Shoga yangu alisogeza mikono kwenye moto.

"Mama, nasikia baridi," alisema. "Tangu niliposhuka garini nasikia baridi."

"Na mimi naisikia. Nimezaliwa humuhumu na bado naisikia. Ulidhani sweta mbili hizi nimevaa kwa urembo?"

Shoga yangu alicheka huku machozi yanamtoka. Mama alivua sweta ya juu, akamvika mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, kama unavyomvisha mtoto.

"Sitafuti mkwe asiyesikia baridi," alisema. "Natafuta atakayeniambia."

Kesho yake, nikiwa nimesimama kando, shoga yangu alimwambia kijana kwamba amekubali, atakuja kuishi huko.

Sasa anaishi kule, anashona sare za shule. Ijumaa hunipigia simu, nami siwezi kuipokea nikiwa nimekaa, nazunguka uwanja mzima. Kabla ya salamu namwuliza jiko liko wapi. "Liko nje, mwalimu," hunijibu.

Nawe siku ukilala kwenye nyumba ya baridi, jiko la mkaa liache nje, hata kama limebaki na makaa machache. Kisha gonga mlango wa mwenyeji wako, umwambie unasikia baridi, uombe blanketi la pili.